Orodha ya Kwenda Kiuyu

Wa Chake hucheka: Pemba na jangwa, wapi na wapi?
Kisiwa ambacho mvua ikinyesha hata kigingi huchipua.
Basi hawajafika Kiuyu mwezi wa Februari,
pale udongo unapokwisha na nchi ikaamua kuwa jiwe,
jiwe lenye meno,
na kichaka kinachojitahidi kinakufika kiunoni.

Huko ndiko kitakakokwenda kikundi chetu cha mazoezi,
watu kumi na wanne wa Limbani na filimbi moja,
Jumapili, kwa miguu, kutoka Micheweni
mpaka bahari itukataze, na kurudi kabla ya magharibi.

Shaame, muuza vipuri vya baiskeli, ndiye aliyepiga hesabu:
lita nne kila mtu, na kila lita ni kilo.
"Maji hayamhurumii anayeyabeba," alisema,
"na asiyeyabeba ndiyo kabisa."
Tulicheka. Kisha tukapima.
Kwenye mizani ya Hidaya ya kuuzia sukari
begi langu lilisoma saba na robo.
Nikatoa mwavuli. Nikatoa kioo.
Nikatoa chupa ya chai, na hiyo kwa uchungu.

Wiki sita tumepanda kilima cha bandarini
kila baada ya sala ya alfajiri, madumu mgongoni,
watoto wa chuo wakitufuata na kutuhesabia hatua,
wakikosea makusudi.
Bi Salhina alinunua raba mpya, za waridi.
Akaambiwa azivae ndani ziuzoee mguu;
akazivaa jikoni, akazivaa sokoni,
akazivaa harusini kwa mpwawe, chini ya buibui,
akidhani hatuoni.
Malengelenge yalimpasuka siku ya tatu.

Kombo ana sukari. Hajasema, na hatujamuuliza.
Lakini bila kikao wala kura
tumekubaliana yeye ndiye atakayetangulia,
na mwendo wake ndio utakuwa mwendo wetu.
Tende za ziada zimo kwenye begi la Hidaya,
mfuko wa nje, zipu isiyokwama.

Mama amekaa mlangoni, ananitazama
nikijipaka vazilini baina ya vidole.
Yeye kazaliwa huko. Kapasua kokoto huko
miaka kumi na minane, kwa ndara za tairi,
na alichokuwa akibeba cha kunywa hakikumbuki.
"Mnakwenda kufuata nini?"
Hatufuati kitu, Mama. Kwenda tu, na kurudi.
"Na mnalipwa?"
Tunalipa sisi. Elfu nane, ya gari.
Alicheka mpaka akavua miwani.
Alipoirudisha, akaniuliza kwa sauti ndogo
kama lile shimo la maji, lililo na jiwe la kuegemea,
nyuma ya machimbo ya zamani, bado lipo.
Sijui.
Nimeliandika. Chini ya chumvi, chini ya ndimu,
chini ya bendeji ya mpira na kofia yenye ukingo:
*shimo la Mama*.
Orodha yote ni vitu vya kuchukua.
Hilo peke yake ni la kutazama.

Saa nne usiku umeme umekatika.
Friji ya jirani imenyamaza ukutani,
na chupa zangu tatu za barafu ndani yake
zinarudi kuwa maji, taratibu, hazina haraka.
Nguo ziko kitini. Raba ziko mlangoni,
zimeelekea nje.
Simu inatetemeka. Shaame, kwa wote:
*Nani ana sindano? Kuna miba.*

Mimi, fundi cherehani,
mwenye sindano za mkono, za mashine, za magunia,
zilizochomekwa hadi kwenye pazia,
sikuweka hata moja.
Napapasa gizani kwenye mto wa pini
na kidole kinaiona kabla ya jicho.

*Ninayo*, namjibu,
kwa mkono usiotoka damu.