Ufa Ulionijengea

Naijua sauti yake kabla sijainua kichwa:
kwanza *dubwi*, kisha chuma kinagonga chuma,
kisha kimya kifupi cha dereva anayejiuliza
ni la mbele au la nyuma.
Halafu wanakuja, gari linachechemea,
hatua thelathini na mbili toka shimoni hadi kwenye jeki yangu.
Nimezihesabu.

Mimi Loishiye, fundi matairi, njia ya Moshono,
pale lami inapomalizia ujana wake.
Nikiletewa tairi nalipapasa ubavu
kama mchunga anavyompapasa ndama:
hapa nyuzi zimekatika, hapa pameota jipu.
"Mama, jipu la tairi halitumbuliwi, wala halishiki kiraka.
Ukifika nalo Kikatiti, shukuru."
Ringi ya chuma nainyoosha,
nyundo, moto, subira.
Ya aloi ikipasuka nasema ukweli,
ingawa ukweli hauniingizii kitu.
Kisha beseni, maji ya sabuni,
nami nimeinama nasubiri pumzi ijitokeze,
povu moja, jingine, jingine,
kama siri inayomshinda mwenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa haukuzibwa, na kweli nimejenga:
kuta nne, bati la geji ishirini na nane,
ada ya Naserian hadi kidato cha tatu.

Mtaani wanasema usiku natoka na sururu.
Uongo. Sijawahi kulichimba.
Ila mwaka juzi, Mzee Akyoo alipopita na mkokoteni
akikusanya watu wa kumwaga moramu,
nilishika kiuno nikasema mgongo.
Mgongo wangu haukuwa na kitu.

Masika, saa tano usiku.
Muuguzi Ndeanansia, Vitz ya kijivu,
mawili ya kushoto kwa mpigo mmoja.
Spea moja, majeruhi wawili.
Maji yalikuwa yamelifunika shimo hadi ukingoni,
likalala pale kama sehemu ya barabara.
Alikuwa ameitwa zamu: kuna mama tangu saa tisa,
mtoto amekaa vibaya.
Nilimulika, nikashika, nikasema, hapa hata nikikesha.
Akaniachia funguo, akapanda bodaboda mvuani,
viatu mkononi,
asiniangalie.

Alilifuata gari kesho yake alasiri.
Nilikuwa nimetafuta matairi mawili ya mtumba, nimeyafunga,
nimekaza nati kwa zamu, moja na inayoielekea,
nikamwambia apitie alaimenti, usukani utamvuta kushoto.
Alihesabu hela akilitazama beseni.
Sikuuliza. Hakusema.
Nikamrudishia nusu;
akaiweka juu ya jeki, akaondoka.

Jioni ile nilinunua moramu, toroli sita.
Nilishindilia kwa gogo, kisha kwa miguu yangu mwenyewe,
na safari hii mgongo uliuma kweli.
Akyoo alisimama ng'ambo akanitazama,
akaenda zake, akarudi na koleo.

Wiki mbili.
Mvua ikashuka toka Meru kama mwenye deni lake,
ikazoa toroli zote sita,
shimo likarudi, mdomo mpana zaidi,
halina hata aibu.

Sasa nimelisimika mle tairi lake, lile la mbele,
lililochanika ubavu kama mfuko wa unga.
Nusu ardhini, nusu juu, nimelipaka chokaa.
Usiku taa zikilimulika madereva wanakata kona mapema.
Wateja wamepungua.
Naserian ameniuliza mara mbili habari za muhula ujao,
nikamwambia tutaona, mwanangu, tutaona.
Nakaa kwenye kibao changu, beseni limetulia,
nasikiliza.
Gari linakuja,
linapunguza mwendo,
linapita.