Suke Lililong'atwa

Mvumi nzima humwita mama yangu Mama Nyemo.
Nyemo simjui. Nyemo ni tuta dogo nyuma ya tembe,
mawe manne, hata jembe hupita kando.
Aliishi siku tisa, akamwachia mama jina.
Mimi ndiye niliyekuja baadaye,
nikanyonya ziwa lililofunguliwa na mwingine,
na dukani huniita mdogo wake Nyemo,
kana kwamba mwenyewe yuko ndani anakula.

Mwaka ule mvua ilikata Januari,
ikarudi Machi kama mdeni mwenye haya.
Tulikula mlenda bila ugali,
kisha mlenda bila chumvi.
Uwele ulipoanza kujaza punje mama akaniweka kitako:
"Usiguse. Cha kwanza kina mwenyewe."
Nilikuwa na miaka minane.
Kwa usiku mmoja mwenyewe nikawa mimi.

Suke bichi halivunjiki kimya,
basi sikulivunja, nililiinamishia mdomo
pale pale shambani, pembeni mwa kichuguu,
lile lililotangulia yote.
Nikalimbuka peke yangu, gizani.
Maziwa ya punje yalikuwa matamu, nisiseme uongo,
kuliko chochote nilichowahi kula kwa ruhusa.

Asubuhi aliliona. Hakuuliza nani:
tulikuwa wawili tu,
na kidevu chake hakikuwa na makapi.
Alilikata vilevile, nusu punje, nusu meno yangu,
akalifunga katika kanga ya kwendea kanisani.

Jumapili ya malimbuko Mchungaji Chedego alihubiri punda.
Kila kifungua mimba ni cha Bwana, alisema,
ila punda hukombolewa kwa mwana-kondoo;
asipokombolewa, huvunjwa shingo.
Watu wakacheka, maana nje walifungwa sita,
madumu ya maji yakiwaning'inia mbavuni.
Mama hakucheka.
Vidole vyake vilikuwa vinahesabu juu ya goti,
vikafika tisa, vikaanza upya.

Tukapanga mstari.
Debe la karanga. Jogoo aliyefungwa miguu.
Zabibu za Hombolo, za mwalimu mkuu, zimefunikwa kitambaa.
Mama akaweka suke lake mezani,
upande wa meno ukiwatazama watu.
Nilitamani sakafu inimeze na viatu nilivyoazimwa.

Baada ya ibada, mnada.
Jogoo alipanda hadi elfu nane.
Suke lilipoinuliwa, kicheko kikapita chini chini,
kama upepo unaotafuta pa kutokea.
"Nani mia? Jamani, nani hamsini?"
Mama akafungua pindo la kanga ile ile,
akatoa mia mbili, ile tuliyoiwekea chumvi,
na hakuna aliyemshinda dau.

Akanipa mkononi, mbele yao wote.
"Kula," alisema. "Limekombolewa."

Nilikula nimesimama, juani.
Punje zilikuwa zimeanza kukauka,
utamu wa usiku ule haukuwamo.
Nikabakiza tatu,
nikazificha shavuni hadi nyumbani,
na jua lilipozama nikazifukia penye mawe manne.

Kesho yake kuku wa jirani walizifukua.
Mama aliokota kijiti awafukuze,
akakiinua,
halafu akawaacha wale.