Mlinzi wa Lango la Tatu

Nilimwandika mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne,
Tampere, mwezi wa pili, chini ya kiwanda cha zamani cha pamba
ambamo joto lilitoka kwenye kompyuta tu.
Tulikuwa sita. Mshahara ulikuja ukipenda.
Jarmo akasema: "Lango la tatu linataka mlinzi.
Mpe sentensi tatu, asimcheleweshe mchezaji."

Nikampa tatu. Halafu nikampa goti bovu.

Hakuna aliyeliomba. Lilikuwa goti la baba,
aliyesimama miaka thelathini na mmoja
mbele ya mashine ya karatasi kule Mänttä,
akaijua theluji kabla redio haijaitangaza.
"Goti limeshaniambia," mlinzi alisema, "leo usiende mbali."
Kisha lango likafunguka.

Mchezo ule haukutoka. Fedha ziliisha joka halijapakwa rangi.
Nikamfungasha mlinzi kwenye diski
nikaenda naye Helsinki, kama mtu anayehama na paka.

Huko aliitwa Ruvo, akalinda daraja.
Kampuni ikauzwa; daraja likafutwa siku ya Jumanne.
Malmö akawa mwanamke, Askari Ylva, mkali, goti lilelile.
Akafika hadi studio ya sauti.
Nilikaa nyuma ya kioo nikamsikia mwigizaji akikohoa
kabla ya kusema "mbali,"
kikohozi nisichokitunga, nikakiiba palepale.
Wiki ya mwisho wakamkata: faili zimezidi,
na kila kisemacho kina uzito.

Watu hudhani kazi yangu ni kutunga mwisho wa dunia.
Mwisho wa dunia hutungwa na kikao.
Mimi ni jedwali la safu elfu tisa,
ni namna arobaini za kusema "hakuna njia hapa"
ili mtoto aliyegonga ukuta uleule mara arobaini
asijione ametukanwa.
Ni kujibu swali ambalo pengine hakuna atakayeliuliza,
na kulijibu vizuri,
maana yule mmoja akiuliza, saa tisa za usiku,
hutakuwepo kumwomba radhi.

Meneja mmoja alinionyesha mchoro:
tisini na saba kwa mia huyaruka maneno.
Nikamuuliza, na hao watatu?
Akacheka. Alidhani ni utani.

Mwaka juzi, nywele zimekuwa rangi ya theluji iliyokanyagwa,
nilirudi Tampere, na mlinzi akapata lango.
La tatu. Sikumwambia mtu.
Mchezo ukatoka, ukauzika kiasi.
Nikampelekea baba.

Themanini na nne, na hajawahi kushika kidude kile.
Alikishika kama samaki ambaye bado yu hai.
Shujaa wangu akatembea kinyumenyume,
akaanguka mtoni mara mbili, akapigana na mti.
Kahawa ikapoa. Mwishowe akalifikia lango,
mlinzi akasema lake, lango likafunguka,
na baba hakupita.

"Songa, baba. Bonyeza hicho cha kijani."
"Anaongea."
"Ameshamaliza."
"Bado. Si adabu kumpa mtu kisogo akiwa anaongea."

Akasimama pale. Mvua ya mchezo ikaanza.
Mlinzi akatoa yote niliyompa, arobaini na moja:
mkewe, supu ya mbaazi, bei ya buti, kaka asiyeandika barua,
mambo niliyoyatunga usiku nikijua hayana msikilizaji.
Kisha akarudi mwanzo. Goti limeshaniambia.
Baba akalisugua lake bila kuangalia chini.

"Sasa amechoka," akasema. "Anajirudia.
Mwambie akae."

Nilitaka kumweleza kwamba hakuna kiti,
kwamba miaka yote hii hatukumchorea mtu yule namna ya kukaa.
Badala yake nikafungua kompyuta mezani, kando ya vikombe,
Jumapili, saa mbili usiku, nikamwandikia mchoraji:
Nahitaji kiti. Kimoja. Cha mbao.