Tundu la Nne

Mara ya kwanza Onzima alileta mkanda
ilikuwa Februari, vumbi la Arua limelala juu ya kila kitu,
hata juu ya gundi yangu.
"Nitobolee tundu moja, fundi,
suruali zimeanza kunikimbia."
Tukacheka. Nikapasha msumari, ngozi ikatoa moshi.
Alilipa shilingi elfu moja, hakutaka chenji.

Mara ya pili hakukaa kwenye benchi.
Alisimama, mkono kiunoni,
kama anayengoja lori lake lipimwe mizani.
Bawasili, alisema, ugonjwa wetu madereva,
kiti kigumu na joto la injini, Koboko hadi Kampala.
Alishika chupa ya mizizi, maji meusi,
aliyouziwa sokoni na mtu aliyeapa kwa kaburi la mama yake.
Nikatoboa.

Mara ya tatu nilitoboa bila kuulizwa.
Mkanda ulikuwa umeota ulimi mrefu
unaoning'inia pembeni kama wa mbwa mwenye kiu.
Ndipo aliponong'ona, macho kwenye viatu vya watu wengine:
"Natokwa na damu.
Tangu kabla ya Krismasi.
Choo kimekuwa chembamba kama penseli.
Naenda, narudi, bado nahisi sijaenda."
Ajidiru, mkewe, hajui.
Nguo zake za ndani anazifua mwenyewe, usiku,
mwanamume wa miaka hamsini na miwili,
kwa tochi ya simu.

Ningesema nini?
Nilisema: ngozi haidanganyi, ndugu yangu.
Kiuno hakipungui hivi kwa ajili ya kiti.

Mulago walimlaza ubavu, magoti karibu na kifua,
wakapitisha mpira wenye jicho
mahali ambapo kwetu hata mlevi hapataji.
Hakuumia kama alivyoogopa.
Daktari, binti mdogo wa rika la mwanawe,
alimchorea bomba kwenye karatasi,
ndani ya bomba kitu kama uyoga.
Saratani ya utumbo mpana.
"Ungekuja wakati huu ni kipele tu," alisema,
wala hakumgombeza,
na hilo, Onzima anasema, ndilo lililomliza.

Wamekata. Amerudi na mfuko tumboni, chini ya shati,
anauzoea kama mtu anavyozoea mgeni asiyeaga.
Mkanda sasa unabana pabaya, ameniachia.
Nimeutundika juu ya cherehani.
Wateja wananiuliza bei yake.

Matundu matatu ni yangu.
Nafasi ya la nne ipo, ngozi safi, sijaigusa.

Kaka yangu mkubwa alikufa kwa tumbo.
Tulisema karogwa, tukagombana na jirani miaka sita.
Mimi nina arobaini na tisa.
Jumatatu kibanda hakitafunguliwa,
na sijamwambia mtu ninakokwenda.

Hapana. Jana usiku nimemwambia mke wangu.
Alizima taa kwanza, kisha akauliza
nauli ni kiasi gani.