Mlango Ulitazama Wapi

Nachora kwa penseli, maana bado wanabishana.
Bitaliho anasema mlango ulitazama ziwani,
kwamba asubuhi ya anga safi, kabla moshi wa mapori haujapanda,
ungeliona Tanganyika kule chini, jembamba kama uzi.
Yustasia anacheka mpaka kanga inamtoka begani:
"Ziwa gani? Mlango ulitazama Kasulu!
Jua lilitukuta usoni, bado tuna tongotongo."

Nimeufuta mlango mara nne.
Karatasi pale imekuwa nyepesi,
inakaribia kutoboka
hapo hapo penye mlango.

Kilikuwa kibanda tu, tusikikuze.
Vyumba viwili juu ya kilima cha Nyarubwe,
nusu siku ya mguu kutoka soko la Manyovu,
fito, udongo, nyasi, baadaye mabati kumi na moja
(hayo nina hakika nayo, nililipwa soda kuyahesabu).
Wapimaji walikijenga, wakapima, wakaenda zao.
Baba akabaki na ufunguo na kazi isiyo na mshahara:
jioni awashe moto, asilale mtu nje.

Wakalala humo wabeba tangawizi, walina asali,
waliokimbia mvua,
na waliokimbia zaidi ya mvua.
Hao baba hakuwauliza jina.
Alisukuma sahani ya ugali wa muhogo, akasema, "Kwanza kula,"
na la pili hakulisema kamwe.
Bawaba alizipaka mawese kila Jumamosi
ili mlango usilie,
ili anayeondoka alfajiri asiage kwa kelele.

Harufu siwezi kuichora.
Moshi, nta, blanketi lililokaukia mwilini.
Nimeandika pembeni: *harufu*,
nikapiga mstari chini yake kama mwanafunzi mjinga.

Kisha Aprili ile mlima ukajikung'uta.
Baba alikuwa ameshuka kununua chumvi.
Aliporudi alikuta kovu jekundu toka kileleni hadi kijitoni,
na bati moja, moja tu, limekaa wima
kwenye maharage ya Ntakije
kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.
Aliishi miaka sita tena, ufunguo mfukoni.
Akibadili suruali, anauhamisha.
Hatukumzika nao. Mimi ndiye niliyekataa,
na ndugu zangu mpaka leo wananitazama hivyo.

Ninao hapa. Naulaza juu ya karatasi
upepo usiichukue.

Jana Bitaliho alipotoka, Yustasia hakucheka tena.
Akachota maji kwa kikombe, hakunywa.
"Nilijifungulia mle," akasema, "chumba cha kulia.
Baba yako alisimama nje usiku kucha, anakohoa
ili nijue yupo.
Kulipokucha jua likaingia mlangoni, likaja sakafuni,
likapanda mkekani, likamfikia mtoto usoni.
Hakufumba macho.
Ndipo nikajua."
Akarudisha kikombe mezani, kimejaa vile vile.
"Usiniambie mimi jua lilitokea wapi."

Sikumwambia.

Lakini Bitaliho naye ana lake.
Alikaa kizingitini na kaka yake, jioni ya mwisho,
wakihesabu taa za wavuvi kule ziwani.
Walifika thelathini na mbili, kaka akasinzia,
asubuhi akavuka mpaka, hajaandika mpaka leo.
Nikimgeuzia mlango wake,
zile taa atazihesabia wapi?

Basi usiku nimechora milango miwili,
mmoja wa jua, mmoja wa taa.
Baba angenigombeza:
nyumba ya milango miwili haitunzi joto.
Ni kweli, baba.
Ila waliobaki ndani
hawasikii baridi.

Kesho nampelekea Ntakije aitazame.
Ameshatuma mtoto kuniambia
nisisahau dirisha.
Dirisha gani?