Daftari la Bryn Hesgyn

Ukurasa wa kwanza una doa la chai
na mwandiko wa mtu aliyezoea nyundo kuliko kalamu:
Imeazimiwa tununue mpira.
Imeazimiwa asiyeng'oa misumari ya viatu vya machimboni asicheze.
Mwaka wa ishirini na moja. Wanaume tisa, sahihi saba,
misalaba miwili.

Kiwanja walipewa kile ambacho kondoo walikikataa:
goli moja juu, kando ya kanisa,
la pili bondeni, limeupa mto mgongo.
Kwetu sarafu ikirushwa, nusu ya mechi imekwisha.
Mpira ukiupita mtambaa wa panya, maji huondoka nao,
ndiyo maana akaajiriwa Idwal, mtoto wa miaka kumi na mmoja,
asimame chini ya daraja na wavu wa samaki,
peni moja kwa kila mpira anaouopoa.
Alistaafu akiwa na sabini na mbili.
Hakuona goli hata moja.
Matokeo aliyajua kwa kusikiliza.

Desemba ya thelathini na nne tulichapwa kumi na moja bila.
Katibu, Emrys Wmffre, aliandika neno moja:
Mvua.

Kisha kurasa nne tupu.
Jezi kumi na moja zililala sandukuni na nondo,
wakarudi wavaaji saba,
mmoja hana tena haja na kiatu cha kushoto.
Akapewa kipyenga.

Hamsini na nane ilikuja timu ya pwani, ya kombe,
kwa basi lenye mapazia.
Tulikwenda nao moja kwa moja hadi dakika ya themanini na tatu,
mpira ukamgonga Hefin mkononi.
Begani, alisema Hefin.
Begani, alisema kwa miaka arobaini,
kwa daktari, kwa mchungaji, kwa wajukuu.
Tulimzika na bega lake.

Machimbo yalipofungwa, king'ora cha Jumamosi kikanyamaza,
kile kilichowashusha wachezaji mlimani
vumbi la sleti likiwa kwenye kope.
Beki wawili wakaenda Birmingham kuunda magari,
winga akaenda na mke wa mtu.
Tukashuka daraja, tukashuka tena,
mpaka chini yetu hapakuwa na daraja, ni nyasi tu.

Mimi Tegwen nafua jezi tangu sabini na nne.
Najua ambayo daftari halisemi:
nani alifutia machozi mkono wa jezi,
soksi za nani zilianza kunukia sabuni ya nyumba nyingine.
Matope yetu ni ya kijivu, hayatoki yote.
Jezi zilikuwa nyekundu.
Bado tunaziita nyekundu.

Siku hizi mlinda mlango huendesha lori la maziwa,
na Mieszko, mwana wa Wapolandi wa kiwanda cha kuku,
ana mguu wa kushoto ambao kocha hauelewi,
wala jina lake haliwezi.
Jumamosi tulikuwa kumi.
Wageni wakatuazima mchezaji wao wa akiba,
kijana mwembamba, kimya kama mlango wa kanisa Jumatatu,
naye akafunga la ushindi,
akasimama pale pale, hajui akimbilie upande gani.

Sasa kalamu ninayo mimi.
Nimeandika: Tatu, mbili.
Mahali pa mfungaji nimeacha nafasi; aliondoka na wenzake
kabla hatujamuuliza.
Na chini yake:
Imeazimiwa tununue mpira.
Ule umekwenda na mto, na Idwal hayupo.