Kibao cha Hamsini

Ndiyo, afande, ni mimi, sikatai.
Sitini na nane, hapa Mikindani,
na kibao cha hamsini nilikiona.
Andika: Stanslaus Chilumba, mkazi wa Chikongola,
kazi, kiwanda cha korosho, zamu ya usiku.
Kazi nyingine, ile ya moyo,
ni hii Altezza ya mwaka tisini na tisa,
yenye bonde ubavuni lililotiwa na mbuzi wa shemeji.

Ila kabla wino haujakauka, nisikilize.

Mwenda pole hajikwai, mnatuambia.
Aliyelisema alikuwa anatembea kwa miguu.
Hakuwahi kupanda kwenda Newala usiku
nyuma ya Fuso la korosho,
magunia yamefika mbinguni,
taa ya nyuma ni moja, nayo
ni kopo jekundu lililofungwa kwa waya.
Hilo halisimamishwi. Halina mwendo.

Hapo ndipo ninapogombana na sheria yenu:
inajua namba, haijui gari.
Hamsini ya gari lenye breki
si hamsini ya gari linalosimama kwa dua.

Wala usinitie kapu moja na vijana wa msimu.
Korosho zikipanda bei wanaibuka na Crown za mkopo,
bomba la moshi wamelitoboa, linakohoa Shangani
mpaka watoto wanaamka.
Kelele si nguvu.
Ule moto unaotoka nyuma, ndugu yangu,
ni petroli yako inakimbia bila wewe.
Mwingine kabandika neno Turbo mlangoni
juu ya injini inayopumua kwa pua zake tu.
Ikifika Aprili
gari limerudi kwa mwenye deni, na neno lake.

Mimi nilifundishwa na fundi Namkumba wa Magomeni:
weka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
nyamaza.
Nikazisikia valvu kumi na sita
kama safu ya kinamama wanaobangua;
mmoja akichelewa, unamjua.
Tangu siku hiyo sijui kuendesha nikiwa na redio.

Na alfajiri, zamu ikiisha, kwenye lami ya Mnivata,
gia ya tatu, mshale unapita elfu sita,
sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, safi,
na kwa sekunde nne hakuna anayenidai.
Huo ndio uhalifu wangu wote.

Tupeni uwanja, basi!
Mpira una uwanja, mbuzi wana mnada.
Sisi tupeni kilomita moja, Jumapili moja,
gari la wagonjwa pembeni,
na wewe mwenyewe na tochi yako
ukitusomea namba kwa kipaza sauti.
Baada ya hapo, atakayekimbia kijijini
mfunge, hata akiwa mimi.

Afande Salvina Nandonde hakujibu.
Aliifunga kalamu, akalizunguka gari polepole,
akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, kushoto,
akapitisha kidole gumba upande wa ndani,
upande ambao mwenye gari haangalii
ila akiwa anaujua.
Kidole kilirudi na nyuzi za waya.

"Na hili," akasema, "linasimama kwa dua?"

Nilijua. Wiki ya tatu sasa.
Fedha ya tairi ilinunua usukani wa ngozi,
na huo usukani, hata hivi ninavyosema,
mkononi ni mtamu.

Nililipa kwa simu, mwendo na tairi, risiti mbili.
Nikafunga spea, ile nyembamba kama ya baiskeli,
nikashika njia ya Mtwara kwa arobaini,
vioo chini, upepo wa mikoko ndani,
nikiyapanga upya maneno yangu
(ya uwanja yako palepale, siyafuti)
ndipo nyuma nikasikia honi,
na Fuso la magunia likanipita,
kopo lake jekundu likinikonyeza
mpaka kona.